Hupima Samaki

Chombo cha tatu kwenye programu nilikiandikia:
"Hupima samaki."
Maneno mawili. Nikaridhika, nikanywa chai.

Kisha nikampa wakala wa mashine maswali arobaini,
yote ya mwaloni Kirumba, asubuhi ya mnada.
Kumi na moja kakosea.
Sangara wa Bi Nkwimba kampima urefu,
sentimita themanini na mbili, bila hata kusita,
na mnunuzi alitaka kilo.
Dagaa nao kawatafutia mzani
wakati dagaa huenda kwa debe.

Nikamlaumu. Nikasema hana akili.
Nkwimba akaisoma sentensi yangu, miwani puani:
"Hupima nini chake? Na lini kisiguswe?"
"Kila mtu anajua."
"Huyu hajawahi kunusa ziwa."

Nikafuta.
"Hutoa uzito, kwa kilo, wa sangara na sato.
Ukitaka urefu, chukua rula. Kwa dagaa, usinitumie."
Makosa yakabaki matatu. Hayo bado sijayaelewa.

Jioni, nikielekea kivuko cha Kamanga,
nilipita kibao: mshale umechorwa
kuelekea juu, mawinguni.
Aliyeuchora
alikuwa anaijua njia.