Kichupa cha Sandukuni

Doti sita za leso nimezikunja, sanduku limezikubali.
Udi umo, haludi imo, na ile liwa
aliyoisaga shangazi yako mpaka kiganja kikamuwasha.
Sasa nipishe, Mwanamize, nitie na hiki.

Usicheke. Wa kucheka wako Kuze,
watakapolifungua kuhesabu kilichokuja na kisichokuja.
Hakosi mmoja wa kuuliza: "Dawa?
Kwani bibi arusi mgonjwa?"
Mwambie mama katia peremende.

Kidonge chenyewe ndicho hiki. Kadiri ya punje ya mtama,
cha manjano, hakina ladha,
na jina lake refu kuliko umbo lake:
asidi ya foliki.
Mie nilipolisikia mara ya kwanza
nilidhani ni maji ya betri.

Alikutangulia kaka yako. Hatumtaji sana.
Aliishi siku kumi na tisa.
Usoni hakuwa na ila, nyusi za babako zile zile,
lakini kule chini kwenye uti wa mgongo
palikuwa na mahali hapakufungika,
kama mshono ulioishiwa na uzi.
Wakasema: mama alikaa kizingitini magharibi.
Wakasema: jicho.
Wakasema: alimcheka kilema.
Nikamtafuta huyo kilema niliyemcheka
miaka miwili, usiku kwa usiku,
sikumwona.

Mimba ile niliificha, wajua,
kama tulivyofunzwa: changa haisemwi
mpaka ijiseme.
Kliniki ya Tudor nilifika mwezi wa tano,
buibui limeshanisaliti.
Nikapewa vidonge ndani ya bahasha ya kaki,
nikavimeza kwa adabu, hata siku moja sikuruka.
Nani angeniambia kuwa nafunga mlango
wa nyumba iliyokwisha kuingiliwa?

Aliniambia Sista Kadzo, baadaye sana,
wewe hujatungwa bado.
Alikishika kiganja changu, akachora kwa kalamu
mistari miwili, akaikutanisha.
"Mgongo wa mtoto hufungika hapa,
katika wiki nne za mwanzo,
hata hujajua kama siku zako zimepita.
Kidonge humngoja mtoto, mama.
Mtoto hakingoji kidonge."
Nikaufumba mkono.
Nilipotia udhu wa adhuhuri wino ukatoka,
mistari ikabaki.

Na mie na mahamri yangu!
Mifuko ya unga nimeikata sijui mia ngapi,
alfajiri kwa alfajiri, macho yakiwa kwenye mafuta.
Siku moja nikaugeuza mmoja, nikausoma mgongoni:
maandishi ya sisimizi,
na katikati yao, foliki.
Kumbe nimeikanda siku zote,
ikininata kwenye kucha.
Nikamrudia Sista: basi unga watosha? Kunde je? Mchicha je?
Akasema kula, kula sana,
na kidonge umeze.

Nikakimeza. Miezi minne nikimeza
tumboni hamna mtu,
nyanya yako akiniuliza ni dawa ya nini,
namjibu, ya kichwa.
Ndipo ukaja wewe.
Mkunga alipokugeuza kifudifudi
nilimwambia asubiri,
nikapitisha kidole kutoka kisogoni hadi chini,
polepole,
kama mtu anayesoma.

Sikuahidi kitu. Wako waliomeza wakalia,
wako wasiojua wakapata watoto kama miwa;
Mungu hapangiwi.
Ila mie kutojua kwangu walikuita kadari,
na hakukuwa kadari.
Kulikuwa kutojua tu.

Basi kimeze na chai ya kwanza,
mumeo akihangaika na soksi zake.
Useme mwajipanga, useme hamjapanga,
meza. Kama hamjapanga, ndiyo hasa.
Kikiisha nitumie salamu tu,
useme "mama, peremende,"
nitaelewa.

Haya, likalie hili sanduku kidogo.
Limejaa, zipu imekwama hapa nyuma.
Jikaze.
Hapo.
Limefungika.