Uzi wa Nyavu

Jumamosi ile, kwenye harusi kule Igoma,
katikati ya solo, gitaa la Kashinje
lilitangaza kifo.
Sauti ya redio, ya kike, kavu:
"...mazishi ni kesho saa nane mchana, Sengerema,
habari ziwafikie ndugu wote wa Geita na Magu..."
Bwana harusi akabaki na mguu hewani.
Mzee mmoja akavua kofia.
Kashinje akanitazama mimi,
mimi nikalitazama boksi.

Boksi nililiunda mwenyewe. Milio mitatu ndani ya bati moja:
mkwaruzo, mwangwi, na ule mtikisiko
unaoitetemesha noti kama maji ya beseni
lori likipita.
Na ndani? Usiulize. Tambi zilizomwagika.
Waya mweusi ulipoisha nikatia mwekundu,
mwekundu ulipoisha nikakata wa chaja ya simu,
nikajisemea, nani atafungua?
Waya mrefu usio na kazi ni antena,
hupokea hata asiyealikwa.

Jumapili sikutoka.
Chumba changu kiko Mabatini, juu, ngazi zinapokwisha;
ukuta wa nyuma ni jabali lenyewe,
linatunza jua la mchana hadi usiku wa manane.
Nikang'oa vyote. Nikanyonya risasi ya zamani tone kwa tone,
nikapanga resista kwenye kisahani cha chai,
kahawia na kahawia, chungwa na chungwa.

Shangazi Holo akaleta uji, akachungulia.
Miaka ishirini na tisa anashona nyavu pale Mwaloni.
"Hiki kilisukwa na nani, mlevi?"
Akaketi. Akatoa kwenye pindo la kanga
kibonge cha uzi wa nailoni.
"Zinazokwenda njia moja, zifunge pamoja.
Fundo, ruka vidole viwili, fundo.
Usikaze mpaka uzi ukale ngozi.
Na kona uizunguke, usiivunje."
Transista haijui. Fundo analijua.

Basi nyeusi zote zikakutana kwenye skrubu moja,
kama wafiwa chini ya turubai moja.
Waya wa umeme ukashika ukingo wa kushoto,
wa sauti ukashika kulia;
palipolazimu zikutane, nikazikatisha msalaba,
zisitembee bega kwa bega zikapeana umbea.

Saa tatu usiku umeme ukakatika.
Nikapasha chuma kwenye jiko la mkaa,
tochi ya simu nimeing'ata kwa meno.
Kiungo kizuri hung'aa kama jicho la dagaa
aliyetoka majini sasa hivi.
Kikipauka, rudia.
Nilirudia kumi na saba.

Kisha betri. Kisha jeki. Kisha mguu juu ya swichi.
Kimya.
Kimya safi, kisicho na mtu ndani.
Nikapiga kamba moja, ikaenda, ikarudi kutoka kwenye jabali,
haikuleta mgeni.
"Leo hajafa mtu," akasema Shangazi.

Nilicheka. Halafu nikamkumbuka
yule mama aliyekuwa akipika pilau nyuma ya ukumbi,
Nyamizi, kama sikukosea.
Jina la marehemu lilipotoka kwenye spika
aliulaza mwiko juu ya mfuniko, polepole,
akajifunga kanga ya pili, akauliza
kivuko cha Kamanga hufungwa saa ngapi.
Hakuna simu iliyokuwa imempata.
Takataka yangu ndiyo iliyompata.

Skrubu tatu zimekaa. Ya nne bado naishika,
ina joto la kiganja.
Ndani pamenyooka, pazuri, panafaa kupigwa picha,
na hapana pa kupitia hata mbu.

Shangazi akasogeza taa karibu,
akakata uzi kwa meno.
"Funga," akasema, "uji unapoa."