Wimbo wa Saba

Gazeti la Alhamisi limetupa nyota tatu na nusu.
Hiyo nusu nimeikunja pamoja na mashuka
ya wadi ya wazazi, zamu ya usiku, Al Khuwair,
nikijiuliza aliikatia wapi.

Mhakiki wa kwanza anasema kanisa limezidi:
rapu imevikwa joho la kwaya, linapwaya.
Wa pili anasema kanisa limepungua,
haleluya zetu ni bizari, za kutia rangi tu.
Wa tatu hakujua atuite nani.
"Majaribio," kaandika, akaenda zake kula.

Yaarub alinisomea yote kwenye simu
kwa Kiswahili cha bibi yake, cha Unguja ya kale,
ambacho hata tusi hulipangusa vumbi kwanza.
Babikir, mpiga kinanda, hakusema kitu.
Alikuwa anamegea mkate kwenye bakuli la ful.

Ila wote watatu, kama waliokaa meza moja,
wameusifu wimbo wa saba.
Una joto, wanasema, joto la santuri za zamani,
na sauti ya mwanamke asiyetajwa
anayevuta pumzi kabla ya neno
kama aliyetua mzigo.

Basi nikwambie habari ya joto.
Ilikuwa Julai, Ruwi, nyuma ya duka la mazulia,
mimi ndani ya kabati la nguo
lililozibwa kwa mablanketi manne.
Kiyoyozi kilikuwa kinakoroma kwenye maikrofoni.
Yaarub akakizima.
Nje digrii arobaini na sita. Ndani hatukupima.
Nilikuwa nimetoka kazini, miguu imejaa kama unga uliochachuka,
na ile pumzi wanayoipenda
ni mimi natafuta hewa.

Niliimba alichokuwa akiimba mama
akichambua maharagwe, Webuye, mvua ikipiga bati.
Yaarub akaingia na mistari ya babu yake
aliyerudi kwao
akalazimika kuuliza njia.
Hatukupanga. Jasho lilikuwa linaingia machoni,
kila mmoja akadhani mwenzake analia.

Jina langu limo, kwenye kava, mstari wa mwisho.
Wameandika Nasiki.
Nimeisahihisha herufi kwa kalamu, nakala yangu moja.

Jana Shaini, Mmalayali tunayepiga naye pasi,
alikuwa anauvuma, hajui ni wa nani.
Katikati akapotea, akaupandisha
pale ambapo mimi hushuka.
Sikumrekebisha.
Nilishika ncha ya pili ya shuka
nikamfuata hukohuko.