Kwa Mwanaheri, Kabla ya Puebla

Ukiingia dukani usianze na bei.
Anza na buenos días,
hata kama muuzaji amekupa mgongo
na unachotaka ni kiberiti tu.

Mimi nilianza na bei.
Doña Refugio akaweka nyanya chini,
akanisalimia yeye, polepole,
kama mtu anayemfunga mtoto kamba za viatu.

Ukiitwa, usijibu "nini?"
Wao husema mande: abee yetu
kwa nguo nyingine.

Kwetu anayekula ndiye anayekaribisha.
Kule, anayepita husema provecho, akaenda zake.
Usisimame.
Nilisimama. Nikavutiwa kiti,
nikala mole ya watu nisiowajua,
na deni hilo sijalilipa.

Ahorita ni "kesho njoo" ya fundi cherehani.
Usiitazamie saa.

Mtu akikuinulia mkono,
mgongo wa kiganja ukikuelekea,
usirudi nyuma. Si kofi, ni asante.

Na akisema, "Nyumbani kwako ni pale, mlango wa bluu,"
usiulize ufunguo uko wapi.
Ni kwake anakokutajia,
na jibu lake ni kuinamisha kichwa kidogo.

Hapana yao haisemwi kavu. Isikilize
ndani ya "labda", ndani ya "tutaona".

Siku ya kuondoka niliwahi kumsalimia.
Nikauliza goti lake, mvua, mjukuu aliyeko Veracruz.
Akacheka, akanishika mkono kwa mikono miwili.

Kiberiti nilikisahau pale pale mezani.