Saba Iliyokaa Upande

Mwaka wa kwanza walimpa ufunguo wa ukumbi,
mipira sita, mitatu imelegea,
na ratiba ya penseli, ifutike upesi
wavulana wa kikapu wakiutaka uwanja.
Mshahara ulikuwa wa kufundisha somo la afya.
Ukocha ulikuwa nyongeza, kama chumvi mezani:
autakaye ajitilie.

Namba za jezi alizishona mwenyewe, Marlys Tveit,
usiku, jikoni, redio ikitaja bei ya ngano.
Saba yangu ilikaa upande.
Ilikaa upande miaka minne
na sikumwambia.

Dakota Kaskazini, kwa asiyeijua,
ni tambarare ya kuchosha macho:
unaliona lori, unachemsha kahawa, unainywa,
unasuuza kikombe, ndipo lori lipite.
Huko ndiko alikotuendesha,
wasichana kumi na mmoja na gunia la mipira,
kilomita mia tatu kwenda, mia tatu kurudi,
kwa mechi ya saa moja na nusu.

Novemba moja theluji ikaifuta barabara.
Akazima injini, tusimalize mafuta,
akatupanga garini kama uwanjani:
wa moja aende sita, wa sita aende tano,
kila robo saa tuzunguke,
asiachiwe mtu mmoja baridi ya dirisha.
Tulizunguka hadi kukapambazuka.
Ubaoni nilikuwa nimeukariri mzunguko.
Mle garini ndimo nilimouelewa.

Lakini sitampaka asali.
Colleen Dusek alikosa mazoezi siku tatu,
kwao walikuwa wakinadiwa ng'ombe,
trekta, hata meza ya kulia.
Aliporudi, jina lake halikuwa ukutani.
Sheria ni sheria, alisema kocha,
akapuliza filimbi, tukaanza kukimbia,
na hakuna aliyethubutu kugeuka
kumtazama Colleen akifungua kamba za viatu.

Maji yakimwagika hayazoleki.
Yeye aliyazoa. Kila Desemba, barua moja,
anwani kwa herufi kubwa, stempu imenyooka.
Najua kwa sababu nilifanya kazi posta ya mji ule
majira mawili ya baridi.
Ya kurudi sikuiona.

Kisha mchezo wenyewe ukabadilishwa.
Zamani pointi ilikuwa ya aliyeanzisha mpira tu;
ukikosea mpira ukiwa wako, ulipoteza zamu,
mpinzani akachukua mpira, hesabu ikabaki palepale.
Sasa kila mpira unaoanguka una mwenyewe.
Wenzake walifurahi: mechi fupi, watazamaji wengi.
Yeye alikunja kile kijitabu cha sheria,
akakitia chini ya mguu wa meza yake iliyoyumba.
"Palikuwa na nafasi ya kukosea," alisema,
wala hakutuambia anamsema nani.

Miaka thelathini na minne.
Ya mwisho iliishia seti ya tano, kumi na tatu kwa kumi na tano:
smashi yetu iligonga ukuta wa mikono yao,
ikarudi miguuni petu polepole,
kama mbwa aliyekosea nyumba.
Wakampa saa ya ukutani.
Jina walilikosea herufi mbili.

Nilifika sherehe imekwisha,
theluji imenichelewesha, mwana wangu amelala garini.
Nilimkuta peke yake, anazungusha ile nyenzo ya chuma,
wavu unalegea, unalegea, unagusa sakafu.
Hakunisalimu. Alinitazama kifuani
kana kwamba bado nimevaa jezi.
"Saba," akasema. "Ilikaa upande."
"Ulijua?"
"Mechi ya kwanza kabisa."
"Mbona hukuishona upya?"
Akafikiri, kamba mkononi.
"Nilikuwa nakujua kwayo, kwa mbali."

Kisha akanirushia ncha ya pili ya wavu.
Vuta, akasema.
Si hivyo. Piga magoti kidogo.
Vuta.