Maji ya Kitunguu

Shangazi Nabifo alipika miaka ishirini na mbili
katika kambi ya polisi, Mbale,
akastaafu na vitu vitatu:
sufuria iliyokatika mkono,
Kiswahili cha gwaride,
na dharau kwa watu wanaokata kitunguu,
wakakitupa mafutani,
wakadhani wamemalizana nacho.

"Kuruta, kaa sawa!
Kisu butu ndicho kinachokuliza.
Usimsingizie mtoto wa watu."
Ananoa kisu kwenye kitako cha kikombe,
kwaru, kwaru,
na paka anahama jiko.

Gunia limeshuka alfajiri kutoka Sironko,
vyekundu, vina udongo shingoni bado.
Kimoja anakizika kizima ndani ya makaa
mpaka kipige mluzi,
anakivua koti lililoungua.
Moyo wake umekuwa jamu.
Anauponda na karanga za kusaga, anaumwagia kwenye malewa,
na mimi, niliyekuja hapa nikichukia malewa,
nalamba mwiko hadi unakuwa mweupe.

Nusu ya kingine anaidunga uma,
anaichovya mafutani, anapaka kikaango cha chapati.
"Brashi ya serikali tuliiandikia barua miaka sita.
Hii ilikuja siku hiyohiyo."

Pete moja nene anailaza kikaangoni,
anapasua yai katikati yake.
Yai linatazama juu, halina pa kukimbilia.
"Mahabusu," anasema,
na kulinyunyizia chumvi kwa huruma.

Maganda hayatupwi. Yanachemka
na leso yangu nyeupe ya Jumapili,
inatoka na rangi ya barabara ya Kumi wakati wa kiangazi.
Mama ataniua.
Nimeivaa shingoni wiki nzima.

Jogoo mzee wa kina Wamono, aliyeshinda visu viwili,
alilazwa usiku kucha katika kitunguu kilichokwaruzwa.
Asubuhi alikubali yaishe.

Si kila kitu kilifaulu.
Alinitia vipande ndani ya soksi nilipopata mafua.
Niliamka na mafua yaleyale
na miguu inayonuka kachumbari.

Jana, umeme ulipokatika, alikamua kimoja kwenye kisosi,
akanipa njiti ya kiberiti na karatasi.
"Andika."
Niliandika jina langu. Karatasi ikabaki tupu.
Akaipitisha juu ya sigiri, polepole, kama anayepasha kiganja cha mtoto,
na jina likaja, kahawia, limepinda,
likinuka chakula cha jioni.

"Sajini alikuwa akisoma barua zetu zote," akasema.
"Basi kwa wino tuliandika habari za maharage.
Katikati ya mistari tuliandika kwa hiki."
Tuliandika. Wewe na nani?
Koplo Ezati, wa Arua, aliyehamishiwa Moroto.
Alilitaja jina kama mtu anayeonja mchuzi wa moto.

Akatoa chini ya unga bahasha moja.
"Hii ilifika siku moja na simu ya upepo.
Sikuwahi kuipasha."
Sikuuliza simu ilisema nini.
Nje, mtu aliburuta jerikani, akapita.

Kwa wino: mvua imekawia, maharage yana fukusi,
msalimie Sajini.
Akaishusha karibu na makaa, mkono haukutikisika,
miaka yote ile ya kugeuza chapati kwa vidole.
Tukangoja. Kona ikaanza kuungua. Akaivuta, akairudisha.
Kisha, chini ya maharage, maneno yakajitokeza,
mepesi kuliko la kwangu:

*Huku kitunguu hakipatikani.
Hii ni ndimu.
Usinicheke.*

"Ndimu!" akasema Shangazi,
kama aliyetukanwa mbele ya kambi nzima.
"Ndimu!"
Akacheka mpaka akashika meza,
akaikunja barua, akairudisha chini ya unga,
akachukua kisu ambacho tayari kilikuwa kikali
na kuanza kukinoa upya.