Ukungu wa aina mbili

Kitangari, Julai, saa kumi na mbili na robo.
Ukungu umelalia mikorosho
na tunapita ndani yake, mimi na Bi Somoe,
yeye na panga, mimi na mifuko ya kaki ya sampuli.

"Lugha yetu bahili," anasema.
"Huu unaonilowesha kanga, ukungu.
Ule uliokula mbaazi zangu, nao ukungu.
Mtu akimbie upi?"

Nachonga gamba la mkorosho unaokauka.
Chini yake mstari wa kahawia, mwembamba,
kama chai iliyochuruzika ukutani.
"Ameingilia mizizini. Amepanda na maji,
kisha akaziba njia ya maji.
Majani yanakufa kiu, ardhi mbichi."

"Kama bomba letu," anasema. "Lipo."

Halafu anauliza lile ambalo darasani
hakuna aliyeniuliza:
"Mbaazi niling'oa, nikachoma.
Mkaniambia huyo ni wa mbaazi tu,
mlango wa mkorosho haujui.
Nani kamfundisha?"

Nani kamfundisha.
Nikaanza vibaya, kwa majina marefu, nikayaacha.
Kila mmea una hodi yake, Bi Somoe.
Mgomba hodi yake, nyanya yake, mbaazi yake.
Asiyeijua hubaki uani
akila majani yaliyooza, hana kesi na mtu.
Lakini huko chini giza ni refu,
nyuzi zake hugusana na nyuzi za jamaa zake,
zikashikana, zikapeana vitu,
na mmoja akaondoka na ukurasa
uliochanwa kwenye daftari la mwenzake.
Au alinakili vibaya, herufi moja tu,
na kosa lile likawa sahihi mlangoni kwako.
Hakufundishwa. Alibahatisha.
Waliobahatisha wakakosa walifia nje,
hao hatuwaoni, hatuwahesabu.
Huyu alisema hodi
na mti ukaitika.

"Mgeni siku mbili," anasema, "ya tatu mpe jembe.
Huyu kaja na lake."

Mwisho wa safu, kati ya miti mitatu mikavu,
mmoja umesimama kijani, hauna hata namba.
Ulitoka kwenye korosho aliyoitupa mtoto.
"Na huu?"
"Huu umekataa kuitika."
"Mpaka lini?"
Nakata vikonyo vinne vya kubebeshea.
Naandika tarehe. Swali lake siliandiki.

Jua linapanda, ukungu ule mwepesi
unaondoka bila kuaga.
Bi Somoe ameleta ndoo, ya maji ya kununua,
shilingi mia tano mpaka mlangoni,
anainama kabla sijamzuia,
anamimina nusu nzima juu ya buti zangu,
anasugua kwa kifuu, kisigino, unyayo,
udongo mwekundu unatiririka
na chini yake udongo mwingine, wa kijivu,
ambao si wa hapa.

Anautazama.
"Juzi," ananiuliza, taratibu kabisa,
"ulikuwa shamba la nani?"